Mbuzi Hasi Kumi na Sita

Arua Hill, Arua
5 Februari 2024

Kwa Bi Asiya Asuman, Koboko.

Salamu. Ni mimi Saturnino Ondoga, niliyekufundisha hesabu kidato cha tatu na cha nne hapa Arua. Huenda ulidhani nimekwisha kufa. Daktari naye anaelekea huko, ila yeye hutaja miezi: mitatu, akiwa na moyo mzuri siku hiyo husema minne. Moyo wangu ndio mbovu. Miguu imevimba, natembea kutoka kitandani hadi dirishani, basi.

Naandika Kiswahili kwa sababu Kilugbara hukijui, Kinubi sikijui, na Kiingereza ndicho tulichotumia siku ile ofisini kwa mkuu wa shule. Nadhani hatukipendi sote wawili.

Tongun, uliyesoma naye, alikuja kunitazama wiki iliyopita. Akaniambia unafundisha aljebra huko Koboko, wasichana kumi na wanne, kila alasiri, katika chumba kilicho kando ya msikiti. Sikujua.

Ninalo swali moja tu. Mtihani wa majaribio wa Julai 1991, swali la saba. Mkulima wa Aroi ana mbuzi na kuku. Vichwa vyao ni thelathini, miguu yao ni ishirini na minane. Tafuta idadi ya mbuzi na ya kuku. Swali lilichapwa vibaya. Ilipasa miguu iwe themanini na miwili. Wanafunzi sitini na watatu walijibu kile walichokisoma kwenye karatasi. Wewe peke yako uliandika mbuzi kumi na mmoja na kuku kumi na tisa, jibu lililokuwa katika mwongozo wa kusahihisha, na mwongozo ulikuwa umefungiwa kabatini.

Ulilipataje? Niandikie hatua zote, usiruke hata moja.

Mpe jibu Abiriga, dereva wa teksi nyeupe aliyekuletea barua hii. Analeta mkononi mwangu, hampi mtu mwingine nyumbani.

Saturnino Ondoga


Koboko
9 Februari 2024

Mwalimu Ondoga,

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta mtego ulipo. Nadhani nimeuona.

Tongun alikuja kwako. Wiki hiyohiyo Tongun alisimama mbele ya wazazi hapa, akanyoosha kidole: "Huyu mama ni ile mwizi ya mtihani. Sisi tulikuwa naye Arua, muulize mutu yoyote." Sasa kamati ya wazazi itakaa Jumamosi tarehe 2 Machi kuamua kama darasa langu lifungwe. Na wewe, uliyekaa kimya miaka thelathini na mitatu, siku chache baadaye unataka nikuandikie kwa mkono wangu nilivyolipata lile jibu. Nikiandika, nani ataisoma siku ya tarehe 2? Tongun?

Swali lako nilikwisha kulijibu mwaka 1991. Nilisimama mbele ya watu watatu: mkuu wa shule, msimamizi wa mtihani na wewe. Nikasema, tazameni karatasi yangu ya rafu, ile ya kufanyia hesabu kabla ya kuandika jibu, kila kitu kimo. Wewe ndiye uliyejibu. Ulisema karatasi za rafu zimekwisha kuchomwa nyuma ya jiko, kama kawaida ya shule. Kawaida naijua. Zilikuwa zinafungwa kwa kamba ya katani na kuchomwa ili zisipitishwe mkono kwa mkono. Lakini mtihani ulikuwa Jumatatu, na moshi nyuma ya jiko niliuona Ijumaa, nikiwa na sanduku langu kichwani nikienda kituo cha magari. Niliondolewa Alhamisi. Jambo hilo nimelifikiri sana.

Tena unaandika swali "lilichapwa". Lilichapwa na nani?

Baba yangu alikuwa askari, unajua. Aliniona nashuka garini na sanduku, akasoma barua ya shule, akaikunja, akaiweka mfukoni. Hakuniuliza kitu. Alikufa mwaka 2003 na hakuwahi kuniuliza. Mwanzoni nilishukuru. Baadaye nilielewa kwamba mtu haulizi jambo ambalo amekwisha kulikubali.

Niliolewa mwaka uleule. Nimezaa, nimeuza vitambaa sokoni, nimezeeka. Aljebra nilijifunza kwa vitabu vya wanangu nikiwasubiri walale, na sasa wasichana wananiita mwalimu. Ukitaka kunivua hilo, njoo wazi.

Asiya Asuman


Arua Hill
13 Februari 2024

Kwa yule mama Asiya wa Koboko.

Mimi ni Candiru, binti ya Mwalimu. Mimi ndiye nampikia, nampa dawa, namwosha. Barua yako iko kwangu. Abiriga alikuta Mzee amelala, akaniachia. Sijaisoma yote. Nilisoma mwisho, pale unasema umezeeka na njoo wazi.

Sasa mimi nakuja wazi. Wewe ni nani kwa baba yangu? Tangu aandike kwako hali chakula. Anaficha karatasi chini ya mto. Nikiingia anageukia ukuta. Mzee ya miaka themanini na moja anaficha barua kama kijana.

Kama iko mtoto, sema iko mtoto. Kama ni shamba ya Adumi, ujue shamba iko na wenyewe, sisi tuko watano na hati iko kwa kaka yangu Albert. Watu wengi wanajua kusubiri mzee akiwa karibu kufa ndio wanakumbuka kumpenda.

Acha kumwandikia. Atapona bila wewe.

Candiru


Koboko
15 Februari 2024

Dada Candiru,

Sina mtoto wa baba yako, na Adumi sijawahi kukanyaga. Nilikuwa mwanafunzi wake. Aliniandikia yeye kwanza. Miaka yote hii mimi sikumtafuta.

Mpe barua yangu yote, aisome mbele yako. Kisha umuulize mimi ni nani kwake. Akikujibu, niandikie. Mimi pia nataka kujua.

Asiya Asuman


Arua Hill
19 Februari 2024

Bi Asiya,

Candiru amenipa barua yako, imefunguliwa. Aliniuliza wewe ni nani. Nikasema ni mwanafunzi wa zamani mwenye madai kuhusu cheti. Hakuamini, na ana haki.

Nilikuuliza hatua zako kwa sababu moja ya kipumbavu. Nilitaka nione kama bado unazikumbuka, ili nijue kama unahitaji hiki nitakachokuambia. Kumbe wewe ulisikia mashtaka yaleyale. Ningekuwa wewe ningesikia hivyohivyo.

Hatua zako ninazo. Karatasi yako ya rafu haikuchomwa. Niliipata majuma mawili baada ya wewe kuondoka, imeshikana na karatasi nyingine kwenye droo ya meza yangu. Nikaona mkuu wa shule ameshafunga jambo, wewe umeshaondoka, barabara ya Koboko siku zile haikuwa salama. Nikanyamaza. Kunyamaza huko ndiko ninakotaka kukuungamia kabla sijafa.

Nakuletea fotokopi. Utaona ulivyofanya. Umeandika m kwa mbuzi, k kwa kuku. Milinganyo miwili: m + k = 30, na 4m + 2k = 28. Ukazidisha wa kwanza kwa mbili, ukautoa katika wa pili, ukabaki na 2m = −32. Kwa hiyo m = −16. Hapo ndipo wenzako sitini na watatu walipofika, wengine wakapiga mstari chini yake kwa rula kuonyesha wamemaliza. Mbuzi hasi kumi na sita.

Wewe hukupiga mstari. Umeandika pembeni, kwa mwandiko mdogo: "Mbuzi hawa hawachungiki." Halafu: kila kichwa hapa kina miguu miwili au minne, basi vichwa thelathini haviwezi kuwa na miguu chini ya sitini wala zaidi ya mia moja na ishirini. Kosa haliko kwenye hesabu, liko kwenye swali. Halafu umegeuza tarakimu za ishirini na nane, ukapata themanini na mbili, ukajaribu tena: 2m = 22, mbuzi kumi na mmoja, kuku kumi na tisa. Ukahakikisha: miguu arobaini na minne ya mbuzi, thelathini na minane ya kuku, jumla themanini na miwili.

Nimefundisha miaka thelathini na sita. Wanafunzi wengi walinipa majibu sahihi. Aliyekataa swali langu, kwa hoja, katika chumba cha mtihani, saa inakimbia, ni wewe peke yako.

Ndiyo, stensili ya kunakilia mtihani niliichapa mimi.

Tumia fotokopi hiyo mbele ya kamati upendavyo. Naomba unisamehe.

Saturnino Ondoga


Koboko
22 Februari 2024

Mwalimu,

Nimekaa na karatasi hii siku nzima. Mwandiko ni wangu. Nilikuwa nafunga kitanzi cha k namna ile. Nilipoisoma ile ya mbuzi wasiochungika nilicheka, kisha nikaingia chumbani nikafunga mlango.

Halafu nilitoka, nikaitazama tena kama ulivyotufundisha kutazama jibu linalopendeza.

Kwa nini fotokopi haina kona ya juu upande wa kulia? Karatasi nyingine zote za shule zilikuwa na pembe nne. Hii ina pembe tatu na kivuli cheupe mahali pa ya nne. Mtu ameikunja kabla ya kuiweka kwenye mashine. Kama si wewe ni nani, maana Candiru haijui karatasi hii?

Kona ile ndipo ulipokuwa unaweka saini yako na tarehe kila uliposahihisha. Kila ukurasa. Ulituambia mwalimu asiyeweka tarehe ni karani wa uongo. Sasa sielewi: karatasi ya rafu iliyokutwa kwenye droo kwa bahati, baada ya majuma mawili, mambo yamekwisha, ingesahihishwa kwa nini?

Tena nikakumbuka jingine. Siku ile ofisini nilipotaja rafu, mkuu wa shule aligeuza kichwa. Alikutazama wewe. Ulichelewa kidogo kujibu, na mkono wako wa kushoto ulikuwa ndani ya koti. Nilidhani ni baridi, ilikuwa Julai, mvua ilikuwa imenyesha.

Mwalimu, unaungama nusu. Nusu yako siwezi kuipeleka kwa kamati. Tongun si mjinga. Akiiona kona hiyo ataniuliza swali hilohilo, nami nitasimama pale kama mwizi mara ya pili, safari hii na karatasi yako mkononi.

Nataka karatasi yenyewe, yenye pembe zote nne. Na nataka hatua zote. Usiruke hata moja. Zimebaki siku tisa.

Asiya


Arua Hill
27 Februari 2024

Asiya,

Karatasi yenyewe imo ndani ya bahasha hii. Nimemwambia Abiriga asiikunje, nimeiweka kati ya kadibodi mbili za kalenda.

Kwenye kona utaona saini yangu na tarehe: 16 Julai 1991. Ilikuwa Jumanne, siku moja baada ya mtihani, siku mbili kabla hujaitwa ofisini. Chini yake utaona alama nilizokupa kwa wino mwekundu. Nne kati ya nne. Hilo nalo nililificha kwenye mkunjo.

Mambo yalikwenda hivi. Jumanne asubuhi nilianza kusahihisha, nikaona majibu yote ni hasi kumi na sita, nikajua nimekosea stensili. Kisha nikafika kwako, nikaona kumi na mmoja. Nikashangaa, nikaenda kwenye mafungu ya rafu, nikaitoa yako. Niliisoma nimesimama. Nikaisahihisha palepale, ingawa rafu hazisahihishwi, kwa sababu nilifurahi. Nakuomba uamini hilo, hata kama huamini mengine. Nilifurahi.

Mchana mkuu wa shule aliniita. Mwaka uliotangulia mtihani ulikuwa umevuja, wazazi walikuwa wamelalamika hadi wilayani, na alikuwa amesema mwalimu yeyote atakayeharibu mtihani wa mwaka ule asitegemee cheo. Unaibu wa mkuu wa shule ulikuwa wazi. Jina langu lilikuwa la kwanza. Alikuwa na karatasi yako ya majibu mezani. Msimamizi wa mtihani ndiye aliyegundua. Akasema, "Huyu binti ameandika jibu la kwenye mwongozo, halilingani na swali. Ameuona mwongozo. Au unayo maelezo mengine?"

Maelezo mengine yalikuwa mfukoni mwangu. Kuyatoa kulikuwa ni kusema: swali nimeliharibu mimi, na mtoto wa miaka kumi na saba amelitengeneza. Kama kuna mwizi, hakuna atakayeuliza nani alichapa. Hayo niliyafikiri kwa muda mfupi kuliko unaotumia kuyasoma. Nikasema sina.

Alhamisi uliposema tazameni rafu yangu, mkono wangu ulikuwa juu yake, ndani ya koti. Umeona sawasawa. Haikuwa baridi. Kesho yake, Ijumaa, sikuichoma na zile nyingine, na hadi leo sijui kwa nini. Ningependa kusema ni dhamiri, lakini mtu mwenye dhamiri angefanya kitu. Nadhani nilishindwa kuchoma hesabu safi namna ile.

Na liko jambo jingine, nalisema kwa sababu umetaka zote. Ilikuwa rahisi zaidi kwa kuwa ni wewe. Baba yako askari wa zamani, Mnubi, watu wa Arua wakati ule walikuwa bado na kinyongo na yeyote aliyevaa sare za serikali iliyopinduliwa. Nilijua hakuna atakayekuja ofisini kukupigania. Ingekuwa binti wa mjumbe wa bodi ningesita.

Unaibu nilipata. Nilikaa nao miaka kumi na mmoja.

Pamoja na karatasi nimeweka barua nyingine, kwa kamati ya wazazi, inayosema yote haya kwa ufupi, na nimetia saini. Bahasha yake sijaifunga. Isome kwanza. Ni juu yako kuitoa au kuichana. Siku hiyo ningekuja mwenyewe, lakini jana nilianguka kati ya kitanda na dirisha.

Candiru hajui. Ananiuliza kila siku. Namwambia ni mambo ya cheti.

Saturnino


Koboko
4 Machi 2024

Mwalimu,

Kamati ilikaa Jumamosi. Nakuandikia ujue mambo yalivyokwenda, maana ni haki yako na maana wewe huwezi kumuuliza Tongun.

Barua yako niliiacha kwanza kwenye mkoba. Nilitaka waamue kwa kuona, na siyo kwa kuhurumia mzee mgonjwa. Mzee Siraji, mwenyekiti, alimpa Tongun nafasi. Tongun akasema yaleyale: jibu la mwongozo, swali tofauti, huyu alifukuzwa, iko wazi. Nikaomba chaki. Nikaandika swali ubaoni kama lilivyochapwa, vichwa thelathini, miguu ishirini na minane, nikampa Tongun chaki. Nikamwambia, "Ndugu yangu, ulifanya mtihani huu. Tuonyeshe."

Hakuweza kukataa mbele ya wazazi wote. Alifanya vizuri, sitasema uongo. Ana mkono safi. Akafika mbuzi hasi kumi na sita, akapiga mstari.

Mzee Siraji akavua miwani. Akauliza, "Hizo mbuzi kumi na sita iko wapi? Iko chini ya ardhi?"

Tongun akasema, "Mzee, hiyo ndiyo hesabu inatoa."

"Na kuku?"

"Arobaini na sita."

"Kuku arobaini na sita katika vichwa thelathini. Na wewe uliandika hivyo, ukaenda nyumbani, ukala?"

Watu walicheka, wanawake zaidi. Sikucheka mimi. Nikatoa karatasi yangu, nikaipitisha mkono kwa mkono ili kila mmoja aone kona, saini, tarehe na alama. Ndipo nikampa Mzee Siraji barua yako, akaisoma kwa sauti hadi mwisho. Alipofika pale pa koti alisita, akarudia sentensi ile polepole.

Tongun alisema tu, "Basi mimi niliandika ile iko kwa karatasi." Nikamwambia sikumlaumu kwa hilo. Kwa yale mengine ya juzijuzi, ndiyo. Hakuomba radhi. Leo Jumatatu binti yake Shakira amekuja darasani na daftari jipya, akakaa mstari wa mwisho. Hatukuongea habari za baba yake. Wako kumi na watano sasa.

Karatasi nimeipeleka kwa fundi itiwe kioo. Nitaitundika chumbani kwangu. Darasani si mahali pake. Nimewaza sana kuhusu baba. Nilikwenda kaburini kwake nikamsomea karatasi yote, hadi kona, tarehe na alama. Ni ujinga, lakini nilisoma kwa sauti.

Umeniomba msamaha mara moja, katika barua ya nusu. Katika barua ya kweli hukuomba. Nimeliona hilo, na nimeipenda barua ya kweli zaidi. Sina jibu la kukupa leo na sitaandika lolote ili upate usingizi.

Ila liko jambo moja ninalotaka. Koboko wote wameshasikia. Mtu mmoja tu bado anaamini kwamba mimi ni mwanamke anayevizia shamba la Adumi, naye anaishi nyumbani kwako na anakupa dawa kwa mkono wake. Umeandikia kamati ya watu usiowajua, kwa sababu hutawaona tena. Binti yako utamwona kesho asubuhi, ndiyo maana unamwambia ni cheti.

Alhamisi nakuja Arua kwa gari la kwanza. Abiriga ataniteremsha mlangoni. Nitakaa kwenye kiti karibu na dirisha, sitakusemea. Candiru atakuwepo. Wewe utamwambia mimi ni nani kwako, tangu stensili hadi kona iliyokunjwa, na ukiruka hatua nitakurudisha.

Jitahidi uifikie Alhamisi. Kula anachokupikia.

Asiya Asuman
Mwalimu